Geel, mji uliopokea wagonjwa majumbani: historia yenye somo kwa jamaa zetu

Tangu kambi za Bulengo na Lushagala, kando ya mji wa Goma, zilipofungwa mwezi wa Februari 2025, jamaa nyingi zilirudi vijijini au ziliingia katika nyumba za watu. Mwenye nguvu alibeba godoro na sufuria, akaenda. Lakini kuna jamaa zilizo na mtu asiyeweza kuachwa peke yake: mzee aliyepoteza kumbukumbu, kijana mwenye kifafa, dada ambaye akili yake ilivurugika kwa sababu ya vita. Kwao swali ni zito. Huyu tumpeleke wapi? Nani atamlisha na kumwangalia? Na je, kumkabidhi kwa watu wengine ni kumtupa?

Swali hili halikuanza kwetu. Huko Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo toka 1908 hadi 1960, kuna mji mdogo unaoitwa Geel ambao umelijibu kwa mamia ya miaka. Historia yake ina mazuri na mabaya, na yote mawili yanatufaa.

Mwanzo: binti aliyekimbia

Geel iko katika jimbo la Antwerp, mahali penye udongo wa mchanga ambapo zamani wakulima walikuwa maskini. Masimulizi ya kanisa, yaliyoandikwa katika karne ya 13, yanasema juu ya Dymphna, binti wa mfalme wa Ireland. Mama yake alipofariki, baba alirukwa na akili, akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Dymphna akakimbia pamoja na padri Gerebernus, wakavuka bahari, wakafika Geel. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mkimbizi. Baba akawafuata, padri akauawa, na binti akakatwa kichwa. Waamini wakamfanya Dymphna kuwa msimamizi wa wagonjwa wa akili.

Ujenzi wa kanisa lake ulianza mwaka 1349. Jamaa zilileta wagonjwa wao kutoka mbali kufanya novena, yaani siku tisa za sala, na wagonjwa walilala katika chumba kilichojengwa ubavuni mwa kanisa. Nafasi haikutosha. Tena wengine walimaliza siku tisa bila kupona. Wakulima wa jirani wakaanza kuwalaza kwao, kwa malipo kidogo. Jamaa ilirudi kwao, mgonjwa akabaki: mwezi, mwaka, mara nyingine maisha yote. Mwenye nyumba akifariki, watoto wake waliendelea kumtunza mgeni kama mtu waliyemkuta nyumbani tangu kuzaliwa.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Geel walifanya hivyo hivyo. Mgonjwa alikula mezani na wenyeji, akavuna viazi, akaangalia ng'ombe, akabeba watoto. Hakuitwa kichaa, jina lake lilikuwa mgeni wa kulala na kula. Wakulima hawakuwa na elimu ya udaktari, lakini waliona kwamba mtu anayesema peke yake bado anaweza kukamua maziwa, na kwamba kazi inampa heshima.

Ukarimu bila mtu wa kuangalia

Tusiipambe Geel kama paradiso. Mwaka 1803 wagonjwa wa mji wa Brussels walihamishiwa huko, na idadi ikaongezeka. Jamaa zilikuwa mbali. Nani angejua kama mgonjwa anashiba, au kama anapigwa? Daktari Mfaransa Esquirol alipotembelea Geel mwaka 1821, aliona uhuru uliomshangaza, lakini aliona pia watu waliofungwa vyuma miguuni. Daktari Joseph Guislain wa mji wa Ghent aliikosoa Geel kwa ukali. Kwake yeye, mgonjwa alihitaji hospitali safi na wauguzi waliofundishwa, wala si mkulima anayetafuta pesa.

Ukosoaji huo ulizaa matunda. Mwaka 1850 Ubelgiji ulitunga sheria juu ya wagonjwa wa akili, na serikali ikachukua usimamizi wa Geel. Mwaka 1862 ikafunguliwa hospitali ndogo mjini. Tangu hapo uhamisho wa mgonjwa ukapata utaratibu. Kwanza alikaa hospitalini, madaktari wakamwangalia siku kadhaa ili wajue tabia yake na mahitaji yake. Kisha akatafutiwa nyumba inayomfaa. Nyumba yenyewe ilikaguliwa: chumba, kitanda, chakula. Jamaa moja ilipewa mgonjwa mmoja au wawili, si zaidi. Malipo yalijulikana. Waangalizi walipita nyumba kwa nyumba. Na mambo yakiharibika, mgonjwa alirudi hospitalini bila mwenye nyumba kuaibika.

Utaratibu huo ndio uliofanya Geel isimame. Mwaka 1884 Ubelgiji ulianzisha mpango kama huo Lierneux, katika eneo la wanaosema Kifaransa. Mwaka 1938 Geel ilifikia wageni 3,736. Leo hawafiki 300, maana dawa zimebadilisha matibabu, mashamba yamepungua, na mume na mke wote wanakwenda kazini. Hata hivyo, mwaka 2023 UNESCO iliandika desturi ya Geel katika orodha ya mifano mizuri ya kulinda urithi wa watu.

Njia ya pili ilifika mpaka kwetu

Njia ile aliyoitetea Guislain tunaifahamu. Alifanya kazi Ghent pamoja na watawa wa shirika la Frères de la Charité, lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest mwaka 1807. Watawa wa shirika hilo hilo ndio wanaosimamia kituo cha Tulizo Letu hapa Goma na kile cha Sosame kule Bukavu. Vituo hivyo vinatibu, vinatuliza, kisha vinamrudisha mtu kwao. Lakini "kwao" ni wapi, kama nyumba iliungua na shamba liko upande wa pili wa vita?

Hapo ndipo Geel inatuhusu. Nusu ya jibu la Geel tunayo tayari. Katika Kivu, wakimbizi wa ndani wengi wanalala kwa jamaa zilizowapokea, na mara nyingi chumba kimoja kinagawanywa kwa pazia. Ukarimu haujatuishia. Kinachokosekana ni nusu ya pili: ukaguzi, msaada kwa mwenye nyumba, na mahali pa kurudi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wenye ulemavu inaongeza nguvu. Lakini karatasi ya sheria haipiki bugali.

Basi jamaa inayolazimika kumhamishia mtu wake katika nyumba nyingine inaweza kufuata hatua za Geel hata bila serikali. Mwulize mwenyewe kwanza, kwa maneno anayoyaelewa, na umpeleke kutembea huko siku moja au mbili kabla ya kuhamia. Tazama mahali atakapolala, na ujue nani anabaki nyumbani mchana. Andika majina ya dawa na saa za kumeza, uache karatasi zake za hospitali pale pale. Patana wazi juu ya mchango, uwe pesa, unga au makala, ili mwenyeji asichoke kimya kimya na hasira ikamshukia mgonjwa. Fanyeni mapatano mbele ya kiongozi wa nyumba kumi na reko wa kituo cha afya, ili kuwe na jicho la tatu. Panga siku za kumtembelea, na usizivunje. Mwisho, kubalianeni tangu mwanzo: mambo yakishindikana, atarudi kwa nani?

Na kama mwenye nyumba anakataa usimwone mgonjwa, au mgonjwa anakonda na kunyamaza, usingoje. Mchukue, hata kama huna mahali pazuri.

Kwa wanaojiuliza kama kumkabidhi mtu wao ni kumtupa, Geel inajibu hivi: jamaa iliyomleta mgonjwa, ikalipa na ikarudi kumwona, haikumtupa. Aliyetupwa ni yule ambaye hakuna aliyerudi kuuliza habari zake. Mashirika yanayogawa chakula na mahema kwa wakimbizi yangefanya vema kuiandika pia ile nyumba iliyompokea asiyeweza kujitunza, na kuisaidia kabla haijachoka.