Chai ya Mwisho pale Kona

Bibi hakutaka kukaa kwenye chumba cha familia. Mhudumu alikuwa ameshashika pazia kutukaribisha, kama ilivyokuwa desturi kila tukija na wanawake na watoto, lakini Bibi akasimama katikati ya ukumbi na fimbo yake. "Leo nakaa mbele," akasema. Basi tukaunganisha meza mbili karibu na mlango, watu tisa, na mtoto wa dada yangu mapajani.

Ilikuwa Jumapili. Mgahawa huo wa Kisutu, Dar es Salaam, ambao nyumbani kwetu tumeuita Kona tangu kabla sijazaliwa, ungefungwa Jumatano. Jengo lake la ghorofa moja linavunjwa kupisha jengo refu. Jina la kwenye kibao silitaji, maana mwenyewe hapendi kuandikwa, na mimi sikwenda pale kikazi. Nilikwenda kula biriani.

Lakini ukiwa mwandishi wa habari huachi kazi mlangoni. Juu ya roshani za majengo kama lile huwa kuna mwaka uliochongwa kwenye saruji, na siku hizi vijana wengi tunapita na simu kuyapiga picha kabla hayajaisha. Mimi ni mmoja wao. Nina picha nyingi za Kona, na nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani makala tamu kuhusu mji wetu unaopotea. Kisha Bibi akaanza kusimulia.

"Babu yenu chai yake ya kwanza hapa alinywea nje," alisema, akiwa anachambua nyama ya biriani. "Palepale, kwenye kizingiti. Kikombe cha bati."

Meza nzima tukanyamaza. Babu alikuja mjini miaka ya 1950 akapata ukuli bandarini. Kutoka bandarini hadi Kisutu ni mwendo mfupi wa miguu, ila kwa wakati ule ulikuwa mwendo wa kuvuka mpaka. Dar ilikuwa miji mitatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mgawanyo huo ulianza enzi ya Wajerumani, Waingereza wakaukaza kwa kanuni za ujenzi. Kanuni zenyewe zilikwepa kutaja rangi ya mtu. Zilitaja nyumba ya namna gani ijengwe ukanda gani, na kila mtu akajua anahusika wapi. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika pale chini ya miti bila kukumbuka kwamba uwazi ule ulikuwa ukuta.

Kwa hiyo kuli akitaka chai Uhindini aliipata, ila kwa masharti. Bibi alisema Babu aliingia ndani na kukaa kwenye kiti baada ya Uhuru, na siku hiyo alirudi nyumbani akaisimulia kama mtu aliyetoka safari.

Baba yeye ana Kona nyingine kabisa. Yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati wa foleni za duka la kaya na unga wa Yanga. Sukari haikuwepo. Anasema wateja walikuja na sukari yao mfukoni, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, na asiye nayo alimegewa na mwenzake wa meza ya pili hata kama hawajuani. "Hapo ndipo nilipomjua Mzee," alisema, akionyesha kwa kidevu kule kwenye kaunta. "Aliuza chai tupu, lakini hakufunga."

Jengo lenyewe lilinusurika mara moja. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi zilifunga virago. Kona ilibaki mikononi mwa wenyewe kwa sababu ilikuwa ndogo mno, haikufika kiwango. Sasa udogo uleule ndio umeimaliza: kiwanja kile, katikati ya mji, kimekuwa ghali kuliko chai yoyote inayoweza kuuzwa juu yake.

Mzee alikuja mezani kutuaga. Ana miaka sabini na kitu, anatembea taratibu. Akamwamkia Bibi shikamoo, wakaulizana hali za watoto. Halafu Bibi, bila kupandisha sauti, akamuuliza: "Bwana, unavikumbuka vile vikombe vya bati?"

Mama yangu akainamisha kichwa. Mimi nilitamani Bibi asingeuliza, na hapohapo nilitamani sana kusikia jibu.

Mzee alikaa kimya kidogo. "Nilikuwa naviosha mimi, mama," akasema. "Nilikuwa mdogo. Vilikuwa na ndoo yake, nyuma. Marehemu baba alikataza visichanganywe." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Siku vilipotupwa sikumbuki. Niliona tu havipo."

"Haya," Bibi akasema. "Tuletee chai."

Aliileta mwenyewe, ya maziwa na iliki, kwenye glasi. Bibi akamwambia avute kiti, naye akavuta, akanywa nasi. Wakazungumza juu ya magoti yao, na bei ya samaki Feri.

Nilipokwenda kaunta kulipa, Mzee alikataa, akasema leo mmekula kwetu. Bibi akasikia. Akafungua pindo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza chini ya glasi.

"Biriani tumekula kwako, ahsante," akamwambia. "Chai nalipa. Mume wangu alikuwa analipa."

Mzee akaichukua, akamrudishia chenji.