Sitara ya Vioo na Hifadhi ya Betri Kisiwani Mvita

Mwenyeji wa Mvita, yaani kisiwa cha Mombasa, tangu zama zile majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalipokuwa yakiingia Bandari ya Kale kwa pepo za kaskazi na kurejea makwao kwa kusi, amekuwa akitafuta mambo mawili katika kila akijengacho: kivuli cha kumkinga na jua, na sitara ya kumkinga na macho ya wapita njia. Apitaye leo Ndia Kuu, akainua uso kuzitazama roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia, ataona jinsi seremala alivyozikata mbao nyembamba akazipanga mshazari, ili upepo upite, nuru ipungue, na aliye ndani aone asionekane. Hikima hiyo, kwa rai yangu, ndiyo asili ya kazi ya tinti ya vioo vya magari inayofanywa leo katika karakana za kisiwani, ijapokuwa fundi wa leo hashiki patasi wala randa, bali wembe, chupa ya maji ya sabuni na mpira wa kukamulia.

Baina ya roshani na tinti pana safari ndefu. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani hii ilitandika reli nyembamba, upana wake inchi 24, kwa matumaini ya kufika bara. Reli hiyo haikuvuka maili 7, na vyuma vyake vikaishia kutumiwa kisiwani, vikapitishwa juu yake vigari vidogo vya abiria vilivyosukumwa na watu. Abiria alikaa juu ya benchi, chini ya kipaa cha turubai, na pembeni hakuwa na kioo hata kimoja. Nguvu za kigari zilikuwa miguu ya wasukumaji, ambao majina yao hayakuandikwa mahali, nao walistahiki kuandikwa. Umeme nao ulifika kwa njia ya ajabu: mtambo ulioangaza kasri ya Sultani Barghash huko Unguja ulinunuliwa mwaka 1908 na tajiri wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutokana na ununuzi huo ikaundwa kampuni ya kwanza ya umeme mjini.

Motokaa za mwanzo hazikuwa watumwa wa betri. Dereva, au utingo wake, alishika hendeli akaizungusha mbele ya injini, na gari likaitika hata kama taa zake zimezimika kabisa. Betri ya risasi na asidi ilikwisha buniwa tangu mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté. Lakini haikupata utawala juu ya gari hadi mwaka 1912, Cadillac ilipotoka Marekani na mtambo wa Charles Kettering wa kuwasha injini kwa umeme. Hendeli ilipotoweka, betri ikawa roho ya chombo, na dereva hodari wa zamani alijulikana kwa adabu yake kwa betri: kila mara alifungua vifuniko akatazama maji, akaongeza maji safi yasiyo na chumvi, akasugua vichwa vyake, wala hakuacha taa inawaka injini ikiwa imezimwa. Adabu hiyo haikuwa anasa katika mji huu, kwani joto la kaskazi, ambalo mchana hupita nyuzi 32, hukausha maji ya betri na kula madini yake ya ndani kwa kasi isiyojulikana katika nchi za baridi.

Karatasi ya plastiki ya kupunguza nuru katika vioo ilisajiliwa Marekani na kampuni ya 3M mwaka 1966. Ilipoenea hapa, pamoja na magari yaliyotumika Japani yashukayo Kilindini, mwenye gari alipata tena ile sitara ya roshani, safari hii ikitembea naye. Lakini kazi ya kuibandika ina hatari ambayo seremala wa Ndia Kuu hakuijua: humdhuru mgonjwa asiyeguswa, yaani betri. Fundi hufungua milango yote kwa saa nyingi, na kila mlango ulio wazi huwasha taa ya ndani. Huwasha ufunguo ili ashushe kioo kidogo, achomeke ukingo wa karatasi, akipandishe tena. Na redio, kwa kupunguza uchovu, huimba toka asubuhi. Taa mbili za wati 10 huvuta karibu ampea 1.7, yaani kwa saa 4 ni ampea-saa 7 hivi. Betri mpya ya ampea-saa 40 huyastahimili hayo. Ile iliyochoshwa na miaka miwili ya joto la Mombasa, ikiongezewa ufunguo ulioachwa wazi na redio, huenda isiamke jioni. Fauka ya hayo, maji ya sabuni yatiririkayo ndani ya mlango huweza kufika kwenye swichi za vioo, yakaleta njia ya mkato ya umeme.

Mafundi walio wastadi wamejipatia tahadhari zao. Kufuli la mlango hugeuzwa kwa bisibisi, gari likadhani mlango umefungwa na taa ikazima, kisha huachiwa kwa kuvuta mkono wa mlango kabla ya kuufunga, la sivyo huharibika. Vioo hushushwa kwa mara moja pale inapowezekana, ufunguo hutolewa, na ule usio na meno huwekwa mbali ili gari lisiamke kila mara. Taulo hutandikwa juu ya swichi. Wengine huiunga betri na chaja ndogo muda wote wa kazi, na hiyo ndiyo njia bora. Maana kung'oa waya wa hasi, ambako wengi hukuona usalama, husahaulisha vioo vya magari mengi mapya mipaka yao ya kupanda na kushuka.

Basi, ewe mwenye gari, upelekapo chombo chako kutiwa tinti, pimisha betri kwanza; ikiwa haifiki volti 12.4, ichaji kabla fundi hajashika wembe. Kazi ikiisha, usishushe vioo kwa siku tatu.