Sanamu ya Mwalimu Nyerere, Addis Ababa

Sanamu ya Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), Rais wa kwanza wa Tanzania, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2024 katika makao makuu ya Umoja wa Afrika. Ni heshima iliyosukumwa na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kwa mchango wake katika ukombozi wa Afrika: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), mtangulizi wa Umoja wa Afrika, ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. Kwame Nkrumah wa Ghana na Haile Selassie wa Ethiopia walikwishatangulia kuchongewa sanamu hapo.

Kitambaa kilipoondolewa, Watanzania wengi mitandaoni walihoji: huyu ni Mwalimu kweli? Malalamiko yao yana uzito, kwani uso wake wameuzoea kwenye noti na kwenye picha za ofisini.