Nyoko si tusi kila mahali

Kwa Mswahili, neno nyoko likitamkwa ugomvi umeanza. Lakini katika Kinyarwanda na Kirundi ni neno la ukoo, maana yake mama yako. Wanyarwanda humgawa mama kwa nafsi: mama ni wangu, nyoko ni wako, nyina ni wake. Wakikuyu nao wana maitũ, nyũkwa na nyina, kwa mpangilio uleule. Huu ni urithi wa Kibantu, na Kiswahili kilikuwa nao: nina, yaani mama, limo katika ushairi wa kale na bado limo katika kamusi. Leo tumebaki na mama, mamako, mamaye, na nyoko tumewaachia wagomvi. Nasikitika, maana hilo ni neno la wazee wetu lililochafuliwa na vinywa vya watu.

Na mama lenyewe limetoka wapi? Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba mtoto anyonyaye, midomo ikiwa imebana titi, huweza kunguruma kwa pua tu, ndipo sauti ya m ikahusishwa na anayemlisha. Ndiyo maana lugha zisizo na udugu hukutana hapo. Wachina nao husema mama. Lakini si zote. Kwa Kijojia, mama ni baba, na mzazi wa kike huitwa deda.

Basi ukimsikia Mrundi akitaja nyoko, uliza kwanza anazungumza lugha gani kabla ya kukasirika.