Dawa katika chakula cha mbwa: historia inayogusa chungu chetu

Hapa Kindu mbwa anakula kilichobaki mezani: bugali, mifupa ya samaki, sombe kidogo. Chakula cha mbwa cha kiwandani wananunua wachache. Lakini historia yake inatugusa sisi tunaokula vya mifuko, na zaidi jamaa zilizokimbia vita na kuacha mashamba.

Biashara hiyo ilianza London karibu mwaka 1860. Mmarekani James Spratt alitengeneza biskuti za mbwa, ngumu kama zile za mabaharia. Kitu kikavu hakiozi upesi. Baadaye viwanda viliongeza mafuta na unga wa samaki, navyo vinachacha. Ndipo zikaingia dawa za kuhifadhi. Moja ni ethoksikwini, ambayo ilitumiwa pia kulinda mpira usipasuke.

Kuelekea mwaka 1990, wenye mbwa wengi Marekani walilalamika kwamba wanyama wao wanaugua ngozi na maini. Si malalamiko yote yaliyothibitishwa. Hata hivyo, majaribio yalionyesha mabadiliko kwenye ini la mbwa, na mwaka 1997 serikali iliomba viwanda vipunguze dawa hiyo kutoka sehemu 150 hadi 75 kwa kila milioni. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi yake katika chakula cha mifugo.

Je, chakula kisichotiwa dawa ni salama sikuzote? Hapana. Mwaka 1981 huko Machakos, Kenya, wagonjwa 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini, na 12 wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi yao. Yaliota kuvu, na kuvu ilitoa sumu ya aflatoksini. Njiwa walikufa kwanza, kisha mbwa, kisha watu.

Kwa hiyo tusiogope neno “dawa” peke yake. Tuulize: imetiwa kiasi gani, nani amepima, na tarehe ya mwisho ni ipi? Kwa bidhaa zinazotoka nje, kazi ya kupima ni ya OCC, na raia ana haki ya kuuliza.

Nyumbani, weka mfuko juu ya mbao, mbali na udongo wenye maji. Unga wenye kuvu usiupepete wala kuupika, kwa sababu moto wa jikoni hauondoi sumu ile. Usimpe mbwa wala kuku pia. Na mbwa wa jirani wakianza kufa wakati mmoja, kagueni kwanza mfuko mnaokula nao pamoja.