Ngozi Mahali Pasipo Pake: Maarifa ya Tishu ya Kolesteatoma ya Watoto na Masikio ya Karagwe na Kyerwa

Jina kolesteatoma limebeba makosa mawili. Johannes Müller wa Berlin, aliyelitunga mwaka 1838, aliona chini ya hadubini matabaka yaliyopangana kama maganda ya kitunguu, na kati yake fuwele za kolesteroli, akahitimisha kwamba huo ni uvimbe wa mafuta. Kinachojaa ndani ya kifuko hicho kwa hakika ni keratini, yaani magamba ya ngozi iliyokufa, na kifuko chenyewe si uvimbe kwa maana ambayo wanapatholojia wanalipa neno hilo. Jean Cruveilhier, aliyekieleza huko Paris mwaka 1829 kwa sura yake tu na kukiita uvimbe wa lulu, alikosea kidogo kwa sababu alidai machache.

Sikio la kati la mtoto mwenye afya limetandikwa utando laini wenye ute. Ngozi huishia upande wa nje wa ngoma ya sikio. Kolesteatoma ni ngozi iliyokutwa upande wa pili wa mpaka huo, ikiendelea na kazi yake ya kila siku: kumea kutoka chini, kufa juu, kubambuka. Katika mfereji wa sikio ngozi husafiri taratibu kuelekea nje ikibeba taka zake. Ndani ya sikio la kati haina mlango wa kutokea. Magamba hurundikana, kifuko hupanuka, na tishu iliyo chini ya ngozi hiyo, ikichokozwa na bakteria, hutoa kemikali kama interleukini-1 na TNF-alfa, ambazo huziamsha osteoklasti, seli zinazomeng'enya mfupa. Fuawe huliwa mapema miongoni mwa vijifupa vitatu vya sikio. Mbele yake iko neva ya uso, liko sikio la ndani, na juu ya dari nyembamba ya mfupa uko ubongo. Kwa watoto mwendo huo mara nyingi ni wa kasi kuliko kwa watu wazima, na madaktari wa upasuaji wameripoti mara kwa mara kwamba ugonjwa wa mtoto hurudi zaidi baada ya kuondolewa.

Swali lililowashughulisha wataalamu wa karne ya 19 lilikuwa moja: ngozi hiyo ilifikaje hapo? Rudolf Virchow, katika makala yake ya mwaka 1855 kuhusu uvimbe wa lulu, alishikilia kwamba seli za tishu nyingine zilijigeuza kuwa seli za ngozi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Habermann na Bezold, waliochunguza masikio yenye matundu, walionyesha njia iliyo rahisi kuaminika: ngozi huhama, ikipita ukingoni mwa tundu au ikivutwa ndani pale ngoma inapobonyea kwa upungufu wa hewa. Sehemu ya juu ya ngoma, isiyo na nyuzi imara katikati, ndiyo inayobonyea upesi. Mwaka 1986 Leslie Michaels wa London alieleza kichipukizi kidogo cha seli za aina ya ngozi ndani ya sikio la kati la kijusi, ambacho kwa kawaida hutoweka kabla ya kuzaliwa. Kisipotoweka, mtoto huweza kuzaliwa akiwa na mbegu ya ugonjwa nyuma ya ngoma nzima.

Karagwe inaingia katika historia hii kwa mlango wa pembeni. John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, sikio lake moja lilikuwa limeshaharibika. Mwaka 1858, katika safari ya Ziwa Tanganyika, mdudu alimwingia sikioni usiku. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, kisha kisu kidogo, na jeraha likageuka jipu. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1864 anasema kwamba baadaye, kila alipopenga pua, sikio lilipiga mluzi. Huo ni ushahidi mzuri wa tundu la ngoma, kwa kuwa hewa ya koo hutokea nje pale tu ngoma isipoizuia. Hakuna sababu ya kudai kwamba Speke alikuwa na kolesteatoma. Linaloonekana ni kwamba msafiri mwenye kalamu aliacha historia ya sikio lake: siku lilipoumia, chombo kilicholiumiza, na dalili zilizofuata. Watoto waliozaliwa Bweranyange mwaka ule hawakuachiwa historia ya namna hiyo, na kwa swali la asili ya ugonjwa huu historia ya sikio ndiyo kila kitu.

Derlacki na Clemis walipoweka vigezo vya kolesteatoma ya kuzaliwa nayo mwaka 1965, walitaka uvimbe mweupe nyuma ya ngoma isiyo na tundu, kwa mtu asiyewahi kuugua sikio. Sharti hilo la mwisho lililegezwa katika miaka ya 1980, kwa kuwa ni mtoto gani asiyewahi kuugua sikio? Sharti la ngoma nzima lilibaki. Kwa maneno mengine, ugonjwa wa kuzaliwa nao hutambulika ikiwa tu kuna mtu aliyechungulia kabla ngoma haijatoboka. Baada ya hapo tishu ya kuzaliwa nayo na tishu iliyohamia hufanana chini ya hadubini: ngozi ileile, keratini ileile.

Katika zahanati za Karagwe na Kyerwa, kama kwingineko nchini, mtoto wa chini ya miaka 5 huhudumiwa kwa mwongozo wa matibabu ya watoto kwa uwiano, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990. Mwongozo huo umeokoa wengi na hapa haudharauliwi. Kuhusu sikio humtaka mhudumu aulize maumivu, atazame usaha unaotoka, na apapase uvimbe nyuma ya sikio. Usaha wa siku 14 au zaidi huitwa maambukizi sugu. Sikio hukaushwa kwa utambi na kutiwa matone ya dawa. Kuchungulia ngoma kwa otoskopu hakumo. Kolesteatoma ya kuzaliwa nayo, katika miaka yake ya mwanzo, haina usaha wala maumivu. Ina usikivu unaopungua tu, na mtoto huweza kuonekana mzembe au mkaidi. Siku usaha unapotokea, wenye harufu kali usiokoma kwa matone, ngoma imeshatoboka na ushahidi wa asili umepotea. Matone hupunguza bakteria. Ngozi huiacha palepale.

Tafiti za shule zilizofanywa Moshi na Monduli, zikachapishwa mwaka 1995, zilichungulia masikio yenyewe. Zilihusu kaskazini, mbali na Kagera. Karagwe na Kyerwa, zilizotenganishwa mwaka 2012 na kuhesabiwa mwaka huohuo kuwa na watu zaidi ya 650,000 kwa pamoja, zina hospitali kama Nyakahanga, lakini rufaa kubwa ya kanda ni Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Vitabu vya MTUHA huhesabu maambukizi ya sikio, ya ghafla na sugu. Kwa hiyo mtafiti anayesoma takwimu za wilaya hizi asichukue kutokuwamo kwa kolesteatoma kuwa ni uchache wake: ipo ndani ya safu ya maambukizi sugu, pamoja na matundu ya kawaida yanayopona kwa matone, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoweza kuitenga humo.