Bata Kiwete wa Exchange Alley

Mwishoni mwa karne ya 17 madalali wa hisa wa London hawakuwa na jengo lao. Walitoka soko la Royal Exchange, wakavuka barabara ya Cornhill na kuingia uchochoro wa Exchange Alley, wakaifanya mikahawa ya huko kuwa mabaraza yao. Humo, katika mkahawa wa Jonathan's, ndimo John Castaing alimoanza kutoa karatasi ya bei mwaka 1698.

Mle uchochoroni mtu aliuza hisa asizokuwa nazo, akamuuzia mtu asiye na fedha za kuzinunua. Siku ya hesabu ikifika, aliyekosea alilipa tofauti ya bei, basi. Aliyeombea bei ipande aliitwa fahali, aliyeombea ishuke aliitwa dubu. Baada ya anguko la hisa za kampuni ya South Sea mwaka 1720 michezo hiyo ilizidi kuchukiwa, na mwaka 1734 Bunge likapitisha sheria ya Sir John Barnard kuipiga marufuku. Haikukoma. Kilichofungwa ni mlango wa mahakama: mwenye kudai angemshtakije mdeni wake bila kujishtaki mwenyewe?

Basi ulimi ukashika kazi ya hakimu. Aliyeshindwa kulipa aliitwa bata kiwete, ikasemwa ametoka uchochoroni akienda batabata. Kwa anayejua mwendo wa bata hata akiwa mzima, hayo ni matusi ya kutosha. Na yaliuma kweli, maana biashara yote ilisimama juu ya ahadi ya mdomo. Dalali asiyeaminika angeuza nini tena?

Mwaka 1761 mwandishi Horace Walpole alimwandikia rafiki yake Horace Mann, aliyekuwa Florence, akimuuliza kama anajua fahali, dubu na bata kiwete ni nini. Hivyo lugha ya uchochoroni ilikuwa imekwisha kufika kwenye meza za mabwana wakubwa.

Mwaka 1773 madalali walipata jengo lao, kiingilio peni sita kwa siku. Sheria ya Barnard ilifutwa 1860. Bata naye alivuka bahari hadi Marekani akabadili kazi: huko ni mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi au anayemaliza muda wake, bado yumo ofisini akingoja mrithi. Huyu hadaiwi hata senti. Marekebisho ya 20 ya Katiba, mwaka 1933, yalimpunguzia safari ya kuchechemea: rais mpya sasa huingia madarakani 20 Januari, si 4 Machi.